Barua kwa Mzee wa Kaunta: Chai ya alasiri Mambrui

Shikamoo Mzee. Mamangu alizaliwa Malindi akaolewa bara, na mwaka huu anatimiza miaka 74. Kila akipikiwa chai hulalamika kwamba si kama ile ya dukani Mambrui, alikokuwa akitumwa sukari na nyanyake. Nataka kumpeleka Desemba. Maduka yale ya zamani yenye chai barazani bado yapo? Twafikaje, na tufanye nini tusionekane watalii? — Binti wa Malindi, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Yapo, ila usitafute kibao. Duka la aina hiyo ni chumba cha mbele cha nyumba ya mawe, baraza nje, birika jikoni, basi. Mengine yameacha chai yakabaki na unga na sabuni. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta kama hiyo na usingizi wangu wa mchana nimeulala juu ya magunia ya mchele, kwa hiyo nikirefusha maneno nivumilie.

Kutoka Malindi pandeni matatu za Gongoni au Marereni. Kwa kuwa mna mtu mzima, tuktuk itawafaa zaidi, ila patana bei kabla hajaketi. Ni kama kilomita 15. Mkifika daraja la Sabaki mwambie mama atazame kulia, mto unakoelekea baharini. Mvua ikinyesha bara maji yale huja mekundu, yakaipaka rangi bahari mpaka Malindi mjini. Atakuwa na la kusema hapo, mwache aseme.

Msifike saa sita mchana. Jua ni kali, watu wamejifungia, na Ijumaa hamtamkuta mtu kabla ya sala kwisha. Nendeni alfajiri ikishatoka, mle mahamri na mbaazi za nazi zikiwa bado moto, au mngoje baada ya sala ya alasiri. Mimi nachagua alasiri. Wazee wako barazani, kahawa chungu iko kwenye dele juu ya makaa, na jua limepungua makali. Mambrui ni mahali pa dini, jitandeni leso zenu vizuri na hakuna atakayewatazama mara mbili.

Sasa la muhimu. Nunueni kwanza. Watu wa mjini hukosea hapo: wanasimama mlangoni, wanachungulia, wanapiga picha ya mizani, wanauliza nyumba ina miaka mingapi, kisha hao. Mwenye duka hakati tiketi. Riziki yake ni robo ya sukari na kiberiti. Nunua robo ya sukari, nunua kiberiti, lipa kwa noti ndogo, kisha ndipo uulize kama chai ipo. Utaona sauti inavyobadilika.

Mkishaketi, angalieni juu. Dari likiwa la zamani ni boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, nyeusi kwa moshi. Angalieni mlango: mbao ndefu zinazotolewa mojamoja, kila mbao na namba yake kwa chaki ili zisichanganyike wakati wa kufunga. Mama aulize kama kibaba kipo. Vibaba vinne ni pishi, na sisi tulipima mchele kibaba cha mfuto, yaani ukijaza unapitisha kiganja juu kuusawazisha. Mwenye duka akiwa mtu wa makamo atacheka na kukitoa uvunguni. Akiwa kijana atatazama simu yake.

Kiganja hicho kilinitia mashakani nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemjazia mtu mafuta ya taa kwenye chupa, yakanimwagikia, nikajifuta kwa shuka, nikaendelea kupima sukari. Jioni mama mmoja akairudisha: chai yake inanuka koroboi. Baba hakunipiga. Aliikoroga sukari ile kwenye kikombe cha chai, akanikalisha barazani katikati ya wateja, akasema, “Kunywa, mwana wa duka.” Nilikunywa chote. Tangu siku hiyo mafuta ya taa yalihamia uani, na mimi sikupima tena sukari bila kunawa.

Mkimaliza kikombe, ombeni mtoto wa pale awaonyeshe kaburi la nguzo. Wajenzi wake walilipamba kwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale waliokota hapo Mambrui sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, wa karne ya 15. Kwa hiyo watu wa pale walikuwa wakihesabu chenji zamani kabla ya baba yangu kununua mizani.

Kuhusu kutoonekana watalii, mtaonekana tu. Lakini mama akitaja jina la nyanyake pale barazani, kabla ya kikombe cha pili atakuwa ameshaulizwa ukoo, mtaa na nani alimuoa.

Mzee, nimeishi Mombasa miaka sita na bado sijui siri ya chai ya vijijini. Niambie kwa ufupi. — Mpenda Chai, Kisauni

Majani ni yale yale ya bara, ambako chai ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Tofauti ni maji na mpangilio. Visima vya pwani vina chumvi kidogo, na ulimi wa aliyezoea huihesabu kuwa ladha. Ukipika kwa maji ya bomba kutoka Baricho utapata chai nzuri, si ile. Mpangilio ni huu: tangawizi ipondwe na ichemke na maji matupu mpaka jikoni kunuke, majani yafuate, maziwa yaje, na iliki iliyotwangwa pamoja na maganda yake iingie mwisho kabisa, kisha funika. Wengi hutia iliki mwanzo, harufu yote ikaenda kwa jirani. Ukiinyima maziwa ni chai ya mkandaa, kwa ile rangi ya maganda ya mti huo wa mikoko. Usiulizie “chai ya mitishamba”, utaletewa dawa.

Mzee, babu ametuachia duka la mawe Shela, kisiwani Lamu, lililofungwa muda mrefu. Nataka kulifungua liwe mkahawa wa chai kwa wageni. Fundi anataka kupiga simiti kuta zote na kuvunja ukuta wa katikati tupate ukumbi. Vitu vya babu tutavipanga kama maonyesho. Wasemaje? — Mjukuu, Lamu

Fundi mwambie apumzike kwanza.

Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa, mchana na usiku. Ukizifunika kwa simiti unyevu hukwama ndani, na baada ya masika mawili matatu plasta inabanduka na vipande vya jiwe. Tafuta mtu anayejua chokaa, ya mawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo kisha ikalowekwa. Atachukua muda mrefu kuliko fundi wako.

Ukuta wa katikati usiuguse. Vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na ukuta ndio unaobeba ncha za boriti. Ukiubomoa, ukumbi wako utapata mwanga wa kutosha kutoka juu. Na kabla ya kubandua hata msumari, pita ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu uulize kama jengo limeorodheshwa. Ipo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuitwa baadaye.

Sasa biashara. Uza chai kwa wageni, ndiyo, lakini kaunta ibaki na chumvi, kiberiti, sabuni, vitunguu. Jirani asipokuwa na sababu ya kuingia, utabaki na wageni wanaotazamana. Aliyekuja kununua kitunguu akasimama kubishana bei ndiye anayemfanya mgeni aagize kikombe kingine. Bei ya chai iwe moja kwa wote. Nimekunywa mahali pa bei mbili, nikapewa ile ya mgeni kwa sababu ya kofia niliyovaa siku hiyo, na kule sijarudi.

Mizani iweke kaunteni uitumie. Kile kibao cha “Kukopa harusi, kulipa matanga”, kama babu alikuwa nacho, kirudishe msumarini pake. Lakini katika vitu vya maonyesho umesahau kutaja kimoja, na najua kipo, hakuna duka lisilokuwa nacho: daftari la madeni. Hilo usilitoe hadharani. Kuna mahali, sitapataja, wameliweka ndani ya kioo, limefunguliwa, taa juu yake, wageni wanalipiga picha kwa sababu ya mwandiko mzuri. Niliinama kusoma. Mstari wa nne lilikuwa jina la baba wa rafiki yangu: sukari ratili mbili, mafuta ya taa chupa moja, hajalipa. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu ameshika kikombe. Nikasimama wima mbele ya kile kioo nikaanza kumuuliza habari za watoto wake, mmoja mmoja, mpaka chai ikapoa.