Kibanda Kidogo cha Taco Kwenye Mji Uliojaa Taco: Anza kwa Kukata Menyu

Kila anayekuja kuniomba ushauri wa kufungua kibanda cha taco, ile chapati nyembamba ya mahindi (tortilla) inayokunjwa na nyama ndani, hunionyesha kwanza menyu. Taco za kuku, za ng'ombe, za nguruwe, za samaki, za uyoga. Halafu burrito, nachos, na chini kabisa saladi kwa ajili ya wanaopunguza mwili. Naisoma mpaka mwisho, kisha nauliza: una majiko mangapi? Moja. Msaidizi je? Mdogo wangu, Jumamosi na Jumapili. Hapo ndipo mazungumzo yetu huanza, maana menyu ile inataka jiko la hoteli na wapishi sita.

Kama una haraka, chukua hili moja kisha uende zako: bakisha aina tatu au nne za taco, na uzipike vizuri kuliko mtu yeyote anayeweza kufikiwa kwa miguu kutoka hapo ulipo. Mwenye mtaji mkubwa humuwezi kwa wingi wa vyakula, humuwezi kwa bei, na kwa matangazo ndiyo kabisa. Unamuweza kwa jambo ambalo ukubwa wake unamnyima. Wewe unasimama mwenyewe mbele ya moto, unaonja mwenyewe, na mteja anayerudi kesho anamkuta mtu yule yule na ladha ile ile.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Mexico City. Katika mtaa wa San Rafael kuna kibanda kinaitwa El Califa de León, kilichofunguliwa mwaka 1968. Ni chumba cha kama mita tatu kwa tatu, wateja wanakula wamesimama, na menyu ina taco nne tu, tatu za ng'ombe na moja ya nguruwe. Nyama inapikwa pale pale ukiagiza, kwa chumvi na ndimu. Mei 2024 walipewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa duniani, ile ambayo migahawa yenye vitambaa vyeupe mezani huitafuta miaka na isiipate. Ukipitia orodha ya wanavyotumia huoni kitu cha siri. Wamekuwa wakirudia vitu vile vile kwa zaidi ya nusu karne, basi.

Sasa tuone menyu fupi inakufanyia nini mfukoni. Aina kumi za nyama ni vyombo kumi vinavyokaa kwenye moto, na jioni kila chombo kimebaki na kidogo. Kidogo mara kumi ni hasara ya kila siku ambayo hutaiona kwenye daftari, kwa sababu hakuna anayeandika alichotupa. Ukiwa na aina tatu, nyama inazunguka haraka, unanunua kwa wingi, na muuza nyama wako anaanza kukujali.

Halafu kuna foleni. Saa ya chakula cha mchana haiongezeki kwa sababu wewe una wateja. Ikiwa kila oda inakuchukua dakika mbili, unahudumia watu 30 kwa saa. Ishushe hadi dakika moja na nusu, watu wanakuwa 40. Hakuna tangazo litakalokuletea wateja kumi wa bure kila saa namna hiyo. Na muda mwingi haupotelei kwenye moto kama watu wanavyodhani. Unapotelea kwa mteja anayekodolea macho ubao wenye vyakula ishirini, na kwa mtu mmoja anayekaanga huku akipokea pesa kwa mkono ule ule. (Hili la pesa na chakula kwa mkono mmoja liache leo hii, hata kama hujasoma kitu kingine hapa.) Foleni ndefu inayosogea huita watu. Ya watu watano iliyoganda inawafukuza.

Menyu ikishakatwa, nguvu iliyobaki iende kwenye tortilla. Nasema hivi nikijua wengi wanawaza nyama. Nyama nzuri kila jirani yako anayo, na mnaweza mkawa mnainunua bucha moja. Tortilla ndiyo wengi huitoa kwenye pakiti ya friji, wakaipasha nusu, ikachanika mkononi mwa mteja. Tortilla ya asili huanza na mahindi makavu yaliyochemshwa kidogo kwenye maji yenye chokaa ya kupikia, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa yangali na unyevu. Chokaa hulegeza maganda, huleta harufu ile ambayo mteja huitambua kabla hajakuona, na huufanya unga ushikane; sembe ya kawaida ukiikanda na maji itapasuka tu. Kazi hiyo inataka nafasi na muda, na mwanzoni huenda huna. Kuna unga wa pakiti uliokwisha kupitishwa kwenye chokaa, ukande, ubane hapo hapo kwa mashine ya mkono, uweke kwenye chuma cha moto mpaka tortilla ivimbe kidogo katikati. Sitakuambia ni sawa na ile ya kusaga mwenyewe. Ila inapotoka kwenye chuma na kufika kwa mteja ndani ya dakika moja, inaishinda ya friji mbali sana. Kampuni yenye matawi thelathini haiwezi kukufuata kwenye dakika hiyo.

Wengi huniuliza kuhusu al pastor, ule mnara wa nyama ya nguruwe unaozunguka mbele ya moto. Asili yake ni wahamiaji kutoka Lebanoni walioingia Mexico na mtindo wao wa kuchoma nyama kwenye chuma kilichosimama. Wamexico wakautia nguruwe, pilipili zao na nanasi juu. Kibiashara ule mnara ni bango. Mpita njia anauona, anasikia harufu, miguu inapunguza mwendo yenyewe. Lakini ukishauwasha, lazima uuze. Nyama iliyokwisha kuzunguka kwenye moto siku nzima si ya kurudishwa kesho. Kama eneo lako halina watu wa kutosha kuumaliza, weka nyama ya kupikwa kwa oda na ulale usingizi wako.

Bei. Kishawishi cha kushuka chini ya jirani ni kikubwa hasa mwezi wa kwanza, na jirani naye anashuka, mwisho mnauza wote kwa kukomoana. Kabla ya kugusa bei, nunua mzani mdogo wa jikoni. Tuseme taco yako inapaswa kubeba gramu 50 za nyama, na mkono wa msaidizi wako, kwa ukarimu, unatia 60. Kwa taco 200 umegawa kilo mbili za nyama iliyopikwa bila mtu kukushukuru, maana mteja hajui kwamba alizidishiwa. Anachokijua ni kwamba kesho kapewa 50 na anahisi kapunjwa. Na ukumbuke kupiga hesabu kwa nyama iliyopikwa. Kipande chenye mafuta kikipikwa polepole kwa saa kadhaa, kilo 10 mbichi zinaweza kutoa sita au saba. Nimeona watu wanaopanga bei kwa uzito wa buchani, wanauza vizuri sana, na hawaelewi pesa inakwenda wapi.

Watu wa bei ya chini utawapata, ila wataondoka siku mwingine akishuka zaidi yako. Mimi naweka bei ya katikati, kisha naongeza vitu visivyonigharimu sana lakini mteja anaviona: kitunguu na giligilani vilivyokatwa asubuhi ile, ndimu ya kutosha, na salsa (michuzi ya pilipili) mbili zenye tabia tofauti, moja ya kila mtu na moja ya wale wanaojidai. Salsa ndiyo sahihi yako. Watu watasahau jina la kibanda, lakini wataambiana "pale penye ile pilipili ya kuungua."

Kuhusu mahali na saa, mwaka 1974 Raúl Martínez alichukua gari kuukuu la kuuzia aiskrimu, akaligeuza la taco, na kuliegesha nje ya baa mashariki mwa Los Angeles. Kutoka hapo ikazaliwa King Taco yenye matawi. Hakutafuta barabara yenye migahawa mizuri. Alikwenda kwenye mlango ambao watu hutoka usiku wakiwa na njaa na hakuna kingine kilicho wazi. Kila mji una milango ya namna hiyo: hospitali inapobadilisha zamu, kiwanda, kituo cha mabasi alfajiri, ukumbi wa muziki. Kaa hapo siku chache bila kuuza chochote, uhesabu wanaopita na saa wanazopita. Inachosha, lakini ni kazi ya bei rahisi kuliko kodi ya miezi sita mahali pasipofaa.

Na ukishachagua saa, usiibadilishe. Mwishoni mwa 2008 Roy Choi na wenzake walianza kuzunguka Los Angeles na gari la Kogi, wakiuza taco zenye nyama ya Kikorea na kutangaza kupitia Twitter watakapoegesha. Wengi waliowaiga walibeba mchanganyiko wa vyakula, wakaacha lile lililokuwa na kazi zaidi: mtu alikuwa anajua awakute wapi na saa ngapi. Ukurasa wako mtandaoni hauhitaji video za madoido. Andika kila siku tuko wapi, tunafungua saa ngapi, kimeisha nini. Ukisema saa tano, saa tano moto uwe umewaka. Mteja anayekuta umefunga mara mbili hakupi ya tatu.

Kuwa na majirani wanaouza taco si lazima kukuogopeshe. Mtaa wenye vibanda vinne huwa na watu waliokwisha amua kula taco. Kinachobaki ni wewe kuwa wa tofauti. Zunguka ule kwao wote, kwa heshima, ulipe. Kama watatu wanauza nyama ya kukaanga, wewe chemsha polepole. Kama wote wana majiko, angalia wauzaji wa taco za kikapu, maarufu sana kutoka San Vicente Xiloxochitla, jimbo la Tlaxcala: taco za viazi, maharage au nyama hupangwa zikiwa za moto kwenye kikapu chenye vitambaa na plastiki, zinajilainisha kwa mvuke wake, na kuuzwa juu ya baiskeli. Pale anapouzia hana moto, hana gesi, na anamhudumia mtu kwa sekunde chache. Kwa mwenye mtaji mdogo kabisa, sijaona mpangilio wenye akili zaidi ya huo.

Mitindo ije na ipite. Miaka michache nyuma taco za birria (nyama iliyopikwa polepole kwa pilipili na viungo) zenye jibini na kikombe cha mchuzi wa kuchovya, ambazo watu wa mji wa Tijuana, Mexico, walikuwa wanazijua, zilisambaa mitandaoni na kila kibanda kikaziweka. Aliyekuwa wa kwanza mtaani kwake alivuna. Wa nane alibaki na sufuria kubwa na deni la nyama. Mtindo ukikuvutia, uuze Ijumaa tu kwa mwezi mmoja, kama kitu cha ziada, na uone kama watu wanaurudia baada ya kupiga picha.

Programu za kupeleka chakula nyumbani sizipendi sana kwa taco, na nasema wazi ni maoni yangu. Nchini Marekani kamisheni yake huwa kati ya asilimia 15 na 30. Nyama, unga na viungo vimekwisha kula karibu theluthi ya mauzo, bado kodi, gesi na mshahara. Kwa kiwango cha juu, oda unayoishangilia inaweza kukuacha mtupu. Juu ya hapo, taco iliyokaa dakika ishirini ndani ya boksi ni taco iliyolowana, na lawama ni yako, si ya mwenye pikipiki. Ukilazimika, tenganisha tortilla, nyama na salsa, mteja ajifungie mwenyewe.

Vibali visikusumbue kichwa, ila visikupite. California, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika 2019, inayozuia miji kumfanya muuzaji wa kando ya barabara kuwa mhalifu. Hata hivyo miji ilibaki na haki ya kuweka masharti, na usafi wa chakula bado unakaguliwa. Soma za kwako kabla hujanunua gari, si baada ya kulipaka rangi.

Swali la mwisho huwa ni lini ufungue kibanda cha pili. Andika kila kitu kwenye karatasi moja: gramu, muda wa kupika, salsa inavyotengenezwa, moto uwe wa namna gani. Mpe msaidizi karatasi hiyo, kisha usionekane kibandani wiki nzima. Mtume rafiki ambaye hafahamiki akanunue Jumanne mchana na Ijumaa usiku, akuletee zote mbili. Kama huwezi kuzitofautisha na ulizopika wewe wiki iliyopita, anza kutafuta eneo. Kama unazitofautisha, rudi kwenye karatasi uongeze kilichokosekana.