Mashine inazima katikati ya ziwa? Angalia kwanza kama tenki linapumua

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni nahodha hapa Kibirizi, Kigoma, nabeba abiria na mizigo kwenda vijiji vya kaskazini. Mashine yangu ni HP 25, tenki ni lile la plastiki la kubeba, lita 24. Shida iko hivi, nikitoka mwaloni inaenda vizuri kabisa, baada ya kama dakika 10 inaanza kupungua nguvu, inakohoa, inazima. Nikivuta kamba haiwaki. Nafungua mfuniko wa tenki nione kama mafuta yapo, nafunga, nabinya binya ule mpira, nikivuta tena inawaka kama vile hakuna kilichotokea, afu mbele ya safari yale yale. Cha kushangaza tenki likiwa limejaa ndo inazima mapema, likifika nusu inakaa muda mrefu kidogo. Plagi nimebadilisha, kabureta imefunguliwa mara 2, sasa fundi anasema ninunue pampu mpya ya mafuta. Wiki iliyopita imezima nina watu 11 ndani na upepo umeshaanza, akina mama wakaanza kulia. Nisaidie kabla sijatoa hiyo hela.

JIBU: Marahaba kaka, na poleni sana wewe na abiria wako. Hiyo pampu usinunue kwanza. Umesema ukifungua mfuniko kuangalia mafuta, mashine inawaka, na mimi nakwambia haiwaki kwa sababu umeangalia mafuta, inawaka kwa sababu hewa imeingia kwenye tenki.

We ni mtu wa Kigoma, mawese unayajua. Chukua dumu la mawese lililojaa ulimimine kwa mdomo mmoja, utaona yanatoka kwa kukwama kwama, kwo kwo kwo, kwa sababu kila yanapotoka hewa inapigania kuingia palepale. Ukitoboa kitundu kidogo upande wa pili yanatiririka vizuri. Tenki la boti ni hivyohivyo, lita 1 ikitoka lazima hewa ya lita 1 iingie, na njia yake ni kile kiskrubu kidogo kilichoko juu ya mfuniko. Kikiwa kimefungwa, au kimefunguliwa lakini tundu limeziba, pampu inavuta mafuta na tenki nalo linavuta kurudi nyuma. Pampu ya hizi mashine ni kiwambo chembamba kinachochezeshwa na mgandamizo wa injini yenyewe, haina nguvu ya kushindana na tenki, kwahiyo mafuta yanakata.

Na hiyo ya tenki kujaa kuzima mapema ndo imenipa uhakika zaidi. Tenki likijaa hewa iliyobaki juu ni kidogo, ukitoa mafuta kidogo tu mvuto umeshakuwa mkubwa. Likiwa nusu hewa ni nyingi, inatanuka kwa muda mrefu kabla haijaleta shida. Kabureta chafu haijui kama tenki limejaa au liko nusu.

Sasa ikianza tena kupoteza nguvu, kabla hata haijazima, cheki vitu 2. Kwanza kile kibofu cha mpira cha kubinya kwenye mpira wa mafuta, kama kimenyonywa kimekuwa bapa basi kizuizi kiko kati ya kibofu na tenki, au kwenye tenki lenyewe. Kama ni kigumu kimejaa na bado mashine inakufa, shida iko mbele huko, filta, pampu au kabureta, na hapo ndo fundi wako atakuwa na haki ya kufungua. Pili legeza mfuniko taratibu usikilize, ukisikia fyuuu ya hewa inaingia na tumbo la tenki lililobonyea likarudi, umeshapata. Jaribio hili lifanye ukiwa karibu na mwalo, boti haina abiria, hakuna sigara wala karabai inayowaka.

Kutengeneza hakuna gharama. Toa mfuniko, osha kwa petroli safi, pulizia kwa pampu ya baiskeli kwenye kile kitundu. Angalia na raba ya ndani, zikizeeka huwa zinavimba zinafunika tundu. Kama hewa haipiti kabisa nunua mfuniko mwingine. Afu jizoeze, ukiwasha skrubu iwe wazi, ukibeba tenki au ukilaza boti ifungwe. Najua wengi mnaifunga kwa kuogopa maji ya mawimbi mnasahau kuifungua, na hapo ndo balaa linapoanzia.

Kuna wanaotoboa mfuniko kwa msumari wa moto. Nawaomba sana msifanye hivyo. Kwanza moto na mfuniko wa petroli ni kifo, pili lile tundu halifungiki tena, mvua na mawimbi yanaingiza maji kwenye mafuta na mvuke wa petroli unatoka muda wote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea, unashuka unalala chini kwenye sakafu ya boti, na wanaovua dagaa usiku kwa karabai wanakaa juu yake bila kujua.

Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimbadilishia mteja seti nzima ya vipuri vya pampu, akalipa, akaenda, akarudi kesho yake na ugonjwa uleule. Ilikuwa mfuniko. Hela yake ile inaniuma mpaka leo, ndo maana nimeandika kirefu. Ukitaka uhakika wa haraka azima tenki na mpira wake kwa jirani mwenye mashine kama yako, ikienda safari nzima bila kuzima, mashine yako haina tatizo. Na waendesha bodaboda wanaosoma hapa, pikipiki inayozima njiani mkaifungua mfuniko ikawaka, ni hilihili.

SWALI: Fundi, mi niko Katonga. Tenki langu likikaa juani linavimba kama puto, juzi nimekuta petroli inachuruzika kwenye mashine wakati haijawashwa. Ni nini?

JIBU: Jua linatanua mvuke ndani, skrubu imefungwa, kwahiyo presha inasukuma mafuta kwenye mpira mpaka kwenye kabureta. Ukimaliza kazi chomoa mpira upande wa mashine, tenki weka kivulini, na usijaze mpaka mdomoni. Likishavimba fungua skrubu polepole, mbali na moto wowote.

SWALI: Boti yetu ya faiba inapeleka wageni Gombe, tenki limejengewa ndani. Tukijaza mafuta yanaturukia mkononi na tunasikia harufu ya petroli boti nzima.

JIBU: Hapo hewa inashindwa kutoka, kinyume cha yule wa Kibirizi. Fuata ule mpira mwembamba unaotoka juu ya tenki kwenda ubavuni mwa boti. Mara nyingi umejikunja, au umening'inia katikati ukajaa petroli kama bomba la sinki, au kule nje kwenye wavu nyigu wamejenga udongo. Usafishe, uunyooshe uwe unapanda juu mfululizo bila bonde, na tundu la nje liwe juu ya tenki, likitazama chini. Ila hiyo harufu isisubiri: leo msiwashe kitu chochote humo, fungueni vifuniko vyote vya sakafu boti ipitiwe na upepo, mkague mipira yote kwa mkono, na wageni wasipande mpaka harufu iishe kabisa.