Lebo za santuri za densi ninazozifuata, kutoka Detroit mpaka Mburahati

Ndugu, umesema umenunua mashine ya santuri, rafu bado tupu, na unataka kujua ni lebo zipi, yaani kampuni za kutoa santuri, za muziki wa densi wa chini kwa chini zinazostahili pesa yako. Umeuliza pia kama kuna haja ya kununua ilhali simu inacheza kila kitu. Jibu langu litakuwa refu kidogo kwa sababu jambo hili nalipenda sana.

Ushauri wa kwanza: fuata lebo kabla ya kufuata msanii. Wasanii wa muziki huu hubadilisha majina kila mara, na wengine hutoa santuri isiyo na picha wala jina la mtu kwenye kava. Lakini lebo ndogo inayoendeshwa na watu wawili watatu wenye sikio zuri haikuangushi kwa urahisi. Mimi hununua santuri za lebo kama hizo hata kabla ya kuzisikiliza.

Anza na Underground Resistance ya Detroit. Waanzilishi wake ni Mike Banks na Jeff Mills, na Robert Hood akajiunga nao mapema. Walificha nyuso zao kwa vitambaa, wakakataa kujiuza kwa kampuni kubwa, wakaanzisha hata njia yao wenyewe ya kusambaza santuri. Ukiipata moja, iinamishe karibu na taa uangalie ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Utakuta maneno yamechongwa hapo kwa mkono, ujumbe mfupi kwa yule aliyejali kutazama. Mimi humwonyesha kila mgeni anayekuja nyumbani, na kila mmoja huinua santuri mpaka machoni.

Huko huko Detroit alikuwepo fundi wa kuchonga santuri, Ron Murphy, aliyewachongea vijana hawa mifereji iliyofungwa: badala ya sindano kusonga kuelekea katikati, inazunguka palepale bila mwisho. Jeff Mills alitoa santuri yenye mizunguko ya aina hiyo mwaka 1994, Cycle 30, kwenye lebo yake ya Axis. Hebu piga hesabu uone uzuri wake. Santuri ya kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hutumia sekunde 1.8 kuzunguka mara moja. Mapigo manne yakikaa sawasawa ndani ya mzunguko huo, muziki unaenda mapigo 133 na ushei kwa dakika, ambayo ni kasi hasa ya tekno, muziki wa densi wa mashine uliozaliwa Detroit. Mashine yenyewe imekuwa mpiga ngoma. Faili la simu linaweza kurudia mlio, ndiyo, lakini hapa unaiona sindano ikifanya kazi hiyo mbele yako.

Chicago lazima uwe nayo, ila ununue kwa macho mawili. Trax ndiyo lebo iliyosambaza hausi ya mwanzo, muziki wa densi uliozaliwa Chicago, lakini mwenye lebo alikuwa na kiwanda chake na aliyeyusha santuri kuukuu ili kutengeneza mpya, kwa hiyo nakala nyingi za zamani hukwaruza tangu siku ya kwanza. Usilipe pesa ndefu kwa nakala ya kwanza. Tafuta chapa mpya iliyotengenezwa vizuri. Jina la kushika ni Larry Heard, anayejiita pia Mr. Fingers. Can You Feel It ya mwaka 1986 ina ngoma ya mashine, bezi inayotembea taratibu, na kodi za kinanda (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazofunguka pole pole. Kwangu mimi hausi haijawahi kupita pale.

Berlin nitaipita haraka: Basic Channel, watu wawili, Moritz von Oswald na Mark Ernestus, santuri chache tu kati ya 1993 na 1995, mwangwi mwingi wenye asili ya dub, yaani rege ya Jamaika iliyojaa mwangwi. Ni muziki wa usiku wa manane na spika nzuri. Ernestus baadaye alikwenda Senegal akarekodi na wapiga ngoma za sabar, na kazi hizo za lebo ya Ndagga ndizo nazicheza zaidi siku hizi.

Lisbon wana Príncipe, lebo iliyoanza na DJ Marfox mwaka 2011. Wanamuziki wake wengi ni vijana wa mitaa ya pembezoni ambao wazazi wao walitoka Angola, Cape Verde na São Tomé. Kuduro na tarraxinha, mitindo ya densi ya Angola, zimekatwa na kushonwa upya, na kava hupakwa rangi kwa mkono. Msikilize Nídia, halafu uniambie kama hukutambua ngoma za Afrika zinazokuita kwa jina.

Sasa tuje nyumbani, na hapa naomba usikilize kwa makini. Nyege Nyege Tapes ya Kampala, pamoja na lebo yake ndogo Hakuna Kulala, imefanya jambo ambalo hatukulitarajia: muziki wa mitaa yetu unatoka kwenye santuri ya inchi 12 na kuuzwa duniani kote. Otim Alpha wa Gulu alichukua ngoma za harusi za Waacholi akazitia kwenye kompyuta. Slikback wetu wa Nairobi alitoa Lasakaneku mwaka 2018, muziki mzito wenye kiza, bezi ya kutikisa vikombe kabatini. Na kuna singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, kutoka studio ya Sisso kule Mburahati. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 ndio uliowafungulia mlango, kisha wakafuata Bamba Pana na Jay Mitta.

Singeli huenda mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Wakusanyaji wa Ulaya ninaoandikiana nao husifu kasi tu, na kasi ni tamu kweli. Lakini sisi tunasikia maneno: kodi ya nyumba, mapenzi, majirani, pesa ambazo hazipo. Ndiyo maana nyimbo zenye MC nazipenda kuliko ala tupu, ingawa ala ndizo zinazosifiwa zaidi huko nje. Niliicheza singeli kwenye sherehe juu ya paa kule Buruburu, baada ya hausi. Ujanja ni kwamba singeli ya 240 hukaa juu ya hausi ya 120 bila kugombana, maana moja ni nusu ya nyingine. Unasogeza kidude cha kasi kidogo tu. Wageni waliotoka Pwani waliruka kabla MC hajamaliza mstari wa kwanza, na mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa nini nilikuwa nimewachelewesha.

Usisahau pia benga, muziki wetu wa magitaa wa Kenya. Kabla hujatuma pesa Ulaya, panda matatu uende Kenyatta Market ya Nairobi kwenye vibanda vya santuri, uchimbue zile ndogo za kasi ya 45. Wimbo wa benga ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, kwa hiyo ukagawanywa sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Sehemu ya 1 ni hadithi. Ukigeuza, magitaa yanakimbizana na kila mtu anasimama. Mtaa wa River Road jijini humo ulikuwa na lebo ndogo ndogo zikiuza muziki wa densi kwa wenyewe kabla ya Chicago kuwa na hausi. Nunua, osha kwa maji safi na kitambaa laini, badilisha mfuko wa ndani. Vumbi letu jekundu hula santuri na sindano pamoja.

Kuhusu kuagiza: nauli ndiyo inayoumiza, siyo bei ya santuri. Jiungeni watu kadhaa muagize furushi moja. Wekeni pembeni pesa za ushuru na VAT ya asilimia 16. Mwambie muuzaji aitoe santuri ndani ya kava na kuiweka nyuma yake, vinginevyo ikirushwarushwa njiani itapasua kava kwenye ukingo. Wengi hawafanyi hivyo mpaka uombe.

Na lile swali la simu: kuna santuri ambazo hazijawahi kupandishwa mtandaoni, na lebo hizi huishi kwa nakala chache zinazouzwa. Sababu hizo mbili zinanitosha.

Kama mwezi huu una uwezo wa santuri moja, chukua Sounds of Sisso. Ikiwa imeisha, chukua ya Larry Heard, na zile za 45 utazipata Kenyatta Market kwa chenji itakayobaki.