Kwa baharia mgeni: chombo kikilala kisiinuke

Wewe unayeanza kazi melini, kuna jambo nataka ulifanye kabla hujapanga nguo zako kabatini. Simama mlangoni mwa kabini yako, fumba macho, weka kiganja ukutani, kisha tembea mpaka sitaha ya wazi bila kufumbua. Hesabu unachogusa. Kwenye meli yangu ya kwanza ilikuwa milango mitatu, kizima moto kinachochomoza usawa wa kiuno, kona, ngazi ya vidato kumi na kimoja, halafu mlango wa chuma wenye kizingiti cha kufika gotini. Ile meli ilishauzwa chuma chakavu, lakini njia yake bado ninayo mkononi. Serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitahani, mzee mmoja mkali, alitufunga vitambaa machoni na kutupitisha humo mara nne siku ya kwanza. Mara ya pili nilijigonga ugoko kwenye kile kizingiti nikamlaani kimoyomoyo.

Alikuwa na sababu. Meli ikipinduka taa huzimika, maji yanayoingia huwa yamechanganyika na mafuta, na sakafu inageuka ukuta. Macho hayakufai, na ile hisia ya kujua juu ni wapi inapotea kabisa. Kinachobaki ni mkono.

Lakini tuanze mapema kidogo, kwa sababu watu wengi hawafi kwa kushindwa kuogelea. Wanakufa kwa kuchelewa kuondoka.

Chombo kwenda mrama ni kawaida, wala kisikutie hofu. Kinalala huku, kinainuka, kinalala kule. Unachotakiwa kukijua ni namna kinavyoinuka. Meli yenye uthabiti wa kutosha huinuka haraka, hata kwa ukali unaomwaga chai. Ikianza kwenda pole pole, ikifika mwisho wa mlalo inakaa kidogo kama mtu anayefikiri, ndipo inarudi, jua uthabiti wake umepungua. Huenda shehena imehama, au maji yameingia mahali palipo wazi na yanakimbilia upande ule ule unaolala. Maji ya kina cha kifundo cha mguu kwenye sitaha pana ya magari ni mzigo wa tani nyingi, na ni mzigo unaohama wenyewe. Feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi, maji yakaingia sitaha ya magari, na ndani ya takriban sekunde 90 ilikuwa imelalia ubavu. Walikufa watu 193.

Kwa hiyo ikilala na isirudi, usingoje. Ving'ora 7 vifupi na kimoja kirefu ndiyo ishara ya dharura, lakini kuna usiku ambao hakuna atakayewahi kuipiga. Usirudi kuchukua simu. Mimi niliwahi kurudi kuchukua viatu, shehena ilipohama na meli kuinama nyuzi kama 15 hivi. Kutoka kabini nilitumia dakika nzima kwa mwendo ambao siku zote ni sekunde kumi, kwa sababu nilikuwa napanda mlima wa linoliamu iliyolowa. Tulibahatika, ikasimama hapo hapo. Ikifika nyuzi 30 hutembei tena, unatambaa. Feri iitwayo Estonia ilipozama kwenye Bahari ya Baltiki tarehe 28 Septemba 1994, kati ya watu 989 walikufa 852, na wengi wa waliopona ni wale walioanza kupanda juu mara tu waliposhtuka. Waliosita walikuta ngazi hazipandiki.

Na kama kazi yako ni kuhudumia abiria, hili likae kichwani: usimwambie mtu atulie ndani wakati chombo hakiinuki. Kwenye feri ya Sewol, Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, abiria walitangaziwa tena na tena wabaki walipo. Walitii. Waliopotea ni 304.

Sasa ndani ya meli iliyolala. Elekea upande ulioinuka, siku zote. Upande unaolala ndiko milingoti, kamba na vyuma vitakakoangukia, na ndiko maji yanakoanzia. Korido inayofuata urefu wa meli bado inapitika, ila utakuwa unakanyaga ukuta, na milango ya kabini sasa iko chini ya nyayo zako. Ukikanyaga mlango ambao kitasa hakijashika vizuri, unadumbukia. Kanyaga fremu. Korido inayokata meli kutoka ubavu mmoja hadi mwingine inageuka kisima. Usiiparamie bila kamba au mtu wa kukushika mkono. Mpira wa maji wa kuzimia moto hufaa sana kama kamba hapa. Milango ya upande wa juu inakuwa mizito kama kifuniko cha kaburi, kwa hiyo wawili waisukume, mmoja aweke kitu kuizuia isiwaangukie.

Jaketi okozi ni jambo linalowachanganya wageni. Livae ukiwa na njia ya wazi kwenda nje. Lakini maji yakishajaa chumbani na unahitaji kupiga mbizi kupita chini ya fremu ya mlango, jaketi la sponji litakubandika darini na hutashuka hata ukipiga mateke vipi. Livue, lisukume mbele yako au liache. Lile la kujazwa hewa usilivute kamba ukiwa ndani. Kamwe.

Ikigeuka kabisa, mkuku (uti wa chini wa meli) ukiwa juu, kuna hesabu moja ngumu ambayo akili inaikataa: njia ya kutoka ni kwenda chini kwanza. Sitaha sasa iko chini yako, na lazima ushuke, upite ukingo wake, ndipo uelee. Nilipofunzwa bwawani, kwenye kizimba kinachopinduliwa na watu wamefungwa mikanda, nilijikuta naparamia sakafu nikidhani ni mlango. Mkufunzi alinirudisha kwa kunigonga bega. Somo lake lilikuwa hivi: mkono mmoja ushike kitu unachokijua na usikiachie mpaka mkono wa pili umeshika kinachofuata. Ngoja maji yaache kukimbia, maana mlango hautafunguka wakati upande mmoja umejaa na mwingine mtupu. Vuta pumzi ya mwisho polepole. Ukipotea ndani ya maji, toa hewa kidogo na uweke kiganja mbele ya mdomo. Mapovu yanapokwenda ndiko juu.

Na ukishindwa kutoka? Tafuta hewa iliyonaswa na utoe mwili majini, kwa sababu baridi itakumaliza kabla ya njaa. Harrison Okene, mpishi wa tagi (boti ya kuvuta meli) iliyozama pwani ya Nigeria Mei 2013, alikaa takriban saa 60 kwenye mfuko wa hewa, kina cha kama mita 30, amejiinua juu ya maji kwa godoro. Wazamiaji walikuwa wamekuja kuchukua maiti. Hakupandishwa moja kwa moja, kwa sababu hewa aliyokuwa akiivuta kule chini ilikuwa imeshindiliwa, na mwili ukitoka ghafla kwenye shinikizo hilo unaumia vibaya; aliwekwa kwanza kwenye chumba cha shinikizo. Gonga chuma mara tatu, nyamaza usikilize, gonga tena. Usipayuke, kwani unajaza hewa chafu mwenyewe. Na ukiwa wewe uko juu ya mkuku unawasikia wanaogonga, usikubali mtu atoboe bati kwa haraka: kwenye MV Bukoba, Ziwa Victoria, Mei 1996, tundu lililokatwa kuwaokoa watu liliitoa hewa iliyokuwa imeishikilia meli, ikazama.

Nje, teleza kwenye ubavu ulioinuka ukiwa umekaa, ukijihadhari na chaza zinazokata kama wembe. Kama ni lazima kuruka, bana pua kwa mkono mmoja, kandamiza jaketi kifuani kwa mwingine, pishanisha miguu. Maji yakiwa baridi utahema bila kujizuia. Dakika ya kwanza usiogelee, elea tu mpaka pumzi itulie. Kisha jitenge na meli, kwa sababu mapipa na mbao hufyatuka kutoka chini kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Kunja magoti kifuani, kaeni pamoja, pulizeni filimbi. (Boti ndogo ni habari nyingine. Hiyo ikipinduka ikaendelea kuelea, ing'ang'anie, usijaribu kuogelea kwenda nchi kavu inayoonekana karibu.)

Ukivutwa kwenye chombo cha uokoaji, taja jina lako liandikwe kabla hujaomba blanketi. Huenda kuna mzamiaji anayevaa mtungi muda huo ili aingie ndani kukutafuta.