Boriti Ndiyo Iliyochora Ramani: kwa mafundi wanaoanza kazi Mji Mkongwe

Ombi tunaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Fundi, niondoshee huu ukuta nipate ukumbi mpana." Usikubali wala usikatae. Inua kichwa kwanza uitazame dari.

Nazungumzia zile nyumba za duka za hapa Unguja, zilizopangana ukuta kwa ukuta Mkunazini, Hurumzi, Sokomuhogo. Mbele pana mlango wa duka, nyuma chumba kimoja au viwili, kisha ua mdogo unaoleta mwanga, ngazi ya mbao iliyosimama kama ya mnazi, na juu ghorofa moja au mbili za kuishi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene nusu mita au zaidi. Vyumba karibu vyote ni vyembamba: upana mita mbili na nusu, tatu kwa taabu, halafu urefu unakwenda tu. Asiyezijua nyumba hizi hudhani waliozijenga walikuwa wachoyo wa nafasi. Sivyo. Sakafu ya juu imelala kwenye boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti mnyoofu wenye nguvu ya kuvuka zaidi ya hapo. Juu ya boriti pamepangwa mawe, na juu ya mawe pakamwagwa zege la chokaa na kokoto lililopondwa mpaka likashikana. Uzito wake ni mkubwa mno.

Kwa hiyo tazama boriti zinaelekea wapi. Kuta mbili zinazopokea vichwa vya boriti ndizo uti wa mgongo wa nyumba. Ukuta unaokwenda sambamba na boriti mara nyingi umejibeba wenyewe, lakini panda juu uhakikishe hakuna ukuta mwingine uliokalia kichwani pake. Kisha viko viambaza vya mbao au matofali vilivyoongezwa baadaye, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilipogawiwa familia kadhaa na kila familia ikajikatia sehemu yake. Hivyo ndivyo vya kuondolewa, na ukiviondoa nyumba huanza kupumua. Hata hapo kuwa na subira. Boriti zikipinda kwa miaka, kiambaza kilicho chini yake huanza kubeba bila kuombwa. Mimi huchukua ujembe wa msumeno wa chuma nikaupitisha kati ya kiambaza na boriti. Ukipita kwa raha kutoka mwanzo mpaka mwisho, sawa. Ukikwama, weka miega, yaani nguzo za muda za kuzishikilia boriti, kabla hujagusa kitu.

Kupima nako kuna mambo yake. Pembe za nyumba hizi si mraba, kwa hiyo pima na mishazari ya kila chumba, na unene wa ukuta katika kila mlango, kwa maana ukuta mmoja unaweza kuwa na unene tofauti huku na kule. Halafu jumlisha. Vipimo vya ndani pamoja na unene wa kuta visipolingana na kipimo cha nje, usilazimishe hesabu kwenye karatasi. Rudi ukagonge ukuta. Huenda pana kidaka, lile tundu la ukutani la kuwekea vitu, kilichozibwa, au ngazi ya zamani iliyofungiwa ndani.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwani maji yameziua nyumba hizi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka wangu wa tatu kazini tuliitwa nyumba moja kurekebisha dari ya chumba cha chini. Palikuwa na doa tu, duara la manjano lenye ukubwa wa sinia. Nilichomeka bisibisi kwenye boriti, pale inapoingia ukutani. Chuma chote kikazama mpaka mpini, bila kusukuma. Nilipoivuta, ilitoka na unga mweusi uliolowa, laini kama ugoro. Boriti nne mfululizo zilikuwa hivyo, na katikati zote zilionekana nzima, ngumu, zimepakwa chokaa vizuri. Juu yake palikuwa na choo kilichojengwa katikati ya ghorofa, kinavuja taratibu, na watoto watatu wakilala chumba kile cha juu kila usiku. Siku ile sikula mchana.

Tangu hapo, ramani yoyote ninayochora naanza na vyoo na jiko. Vyote vinakwenda upande wa ua, kimoja juu ya kingine, bomba lishuke wima uani mahali linapoonekana, ili likivuja mtu alione siku hiyo hiyo. Usipitishe bomba ndani ya ukuta wa mawe, wala usilifiche ndani ya zege la chokaa. Vyumba vikavu ndivyo vinavyobaki na upande wa mtaani. Angalia pia mfereji wa paa nyuma ya ukingo wa ukuta. Ukizibwa na majani, masika moja inatosha kulowesha vichwa vya boriti vya chumba kizima.

Ukuta wa pamoja na jirani ni amana. Boriti zake zimeingia humo kama zako, na pengine vidaka vyake pia. Niliwahi kuchimba mahali pa kabati, nikitegemea unene wa nusu mita, kumbe upande wa pili palikuwa na kidaka na kati yetu kulibaki unene wa kiganja. Vikombe vya mama wa watu vilianguka. Nenda ubishe hodi kwanza, uombe kuona upande wake, upime. Ukiweka miega kwako, uliza kama na kwake inahitajika, na kila mwega ufike ardhini, ghorofa hadi ghorofa, ukikalia ubao.

Mlango mpya kwenye ukuta mnene haufunguliwi kwa mkupuo. Kata nusu ya unene upande mmoja, ingiza kizingiti cha juu, kaza kwa mawe na chokaa, acha kishike, ndipo uhamie upande wa pili. Na iwe chokaa kweli. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, inafungia unyevu ndani, chumvi inatoka na lipu inabanduka vipande vipande. Nondo kwenye hewa hii ya bahari hushika kutu, huvimba na kupasua zege. Mteja atakwambia chokaa inachelewa. Ni kweli, inachelewa. Mpangie kazi zake mapema.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kichukuliwe kabla ya jiwe la kwanza kutoka. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini mimi sababu yangu ni nyingine. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa hapa Mji Mkongwe, ilianguka Desemba 25, 2020, ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jicho la pili juu ya mchoro wako ni la kushukuru.

Mama mmoja aliyeniletea ombi lile la ukumbi mpana hakuupata upana. Tuliondoa viambaza viwili, tukahamisha jiko uani, tukafungua mlango mmoja ulionyooka na mlango wa duka la zamani. Chumba kina mita mbili na sentimita themanini vile vile. Ila sasa akikaa kwenye kiti chake karibu na ua, anaona moja kwa moja mpaka mtaani, upepo unapita, na wajukuu wakirudi chuoni anawaona kabla hawajapiga hodi.