Nafuu ya kodi: mtoto aliyeko Tanga anahesabiwa?

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, na mwaka 2024 mishahara yetu kwa pamoja ilikuwa dola 40,000. Tuna watoto watatu, lakini wa kwanza anaishi kwa bibi yake Tanga. Je, tunastahili nafuu ya kodi ya Marekani kwa wenye kipato cha kazi, na ni kiasi gani?

JIBU: Dada yangu, mnastahili, iwapo nyote mna namba za hifadhi ya jamii zinazoruhusu kazi na mtajaza fomu ya kodi kwa pamoja. Mtoto wa Tanga hahesabiwi, hata kama mnamtumia ada na matumizi kila mwezi, kwa kuwa sheria inadai mtoto awe ameishi nanyi ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, na kosa hilo huweza kuwalazimu kurudisha fedha.

Kwa watoto wawili, kiwango cha juu cha mwaka 2024 kilikuwa dola 6,960. Kwa wanandoa, mwaka huo kiwango hicho kilianza kupungua kipato kilipozidi dola 29,640, kwa takriban senti 21 kwa kila dola ya ziada. Ninyi mmezidi kwa dola 10,360, hivyo zinakatwa kama dola 2,182 na kubaki takriban 4,778. Nafuu nyingine ya kodi, ile ya wenye watoto, hukokotolewa kando, na haipunguzi hii.