Kwa mnaoanza kuandika filamu ya wanandoa wanaoachana

Miswada mingi ya filamu za talaka ninayoletewa na vijana ina sura moja: mume mlevi ana mchepuko, mke analia, mama mkwe anachochea. Mambo hayo yamo majumbani mwetu, sikatai. Tatizo ni kwamba ukifika ukurasa wa tano umeshatoa hukumu, huna hamu ya kuendelea. Andikeni watu wawili ambao kila mmoja, ukimsikiliza peke yake, unaona ana haki.

Itafuteni filamu ya A Separation ya mwongozaji Asghar Farhadi wa Iran, ya mwaka 2011. Rudieni sini (onyesho) ya kwanza baada ya majina ya mwanzo. Simin na Nader wameketi mbele ya hakimu, lakini hakimu haonekani, tunasikia sauti yake tu. Kamera imewekwa upande wake, kwa hiyo wanandoa wanajieleza kwetu sisi. Mke anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao. Mume hawezi kumwacha baba yake mwenye ugonjwa wa Alzheimer. Simin anasema mzee hata hamtambui mwanawe. Nader anajibu kwamba yeye anamtambua baba yake. Hakuna kofi wala tusi, na ndoa imekwama mbele ya macho yetu. Nani mbaya hapo?

Kisha jueni utaratibu wa kwenu. Mara nyingi kwenye miswada naona mtu anakasirika jioni, asubuhi yuko mahakamani, mchana ana talaka. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hiyo ni hazina kwa mwandishi! Kwenye kata, mjumbe wa baraza anayewauliza kama bado mnalala chumba kimoja huenda ni mtu mnayesalimiana naye kila siku sokoni. Mke atamjibuje, na mume atatazama wapi wakati anajibu? Kaeni hapo, msiikimbie sini hiyo.

Mali nayo msiimalize kwa mke kutoka na begi. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mwonyesheni akieleza mchango wenyewe: nani aliwapikia mafundi wakati nyumba inapanda, nani alilala nje kulinda saruji. Mume akisikia hayo mbele ya watu, uso wake unawatosha, msimwandikie maneno.

Kuhusu watoto nina ombi. Msimpe mtoto wa miaka sita hotuba ya kuwaonya wazazi, hakuna mtoto anayeongea hivyo. Mpeni jambo la kufanya: anauliza daftari lake liko nyumba ipi, anaficha viatu vya baba ili asiondoke.

Muswada ukikamilika, wapeni watu wawili wausome, mwanamke na mwanamume, kila mmoja kivyake. Waulizeni wangemtetea nani. Wote wakimtaja mhusika yuleyule bila kusita, rudini kwa yule ambaye hakutajwa, mtafute anachokipenda na anachoogopa kukipoteza, kisha muandike upya sini zake zote.